Krispi za chumvi na siki: tunazipenda kweli, au tumezoeshwa?

Mtoa mada, Mombasa: Wadau, kwenye duka la mtaani kwetu pakiti inayoisha kwanza ni ya chumvi na siki. Nje ya duka hilohilo kuna mama anauza krispi za muhogo. Anakutilia kwenye mfuko, anakamulia ndimu, chumvi, pilipili ya unga, anatikisa, unakula zingali moto. Uchachu wetu ni huo: ndimu, ukwaju, embe mbichi. Siki tuliijua kwenye achari. Mimi nasema tumeuziwa ladha ya Waingereza kwa pakiti inayong'aa. Nipingeni.

Mchangiaji, Tanga: Nakupinga mkuu. Nani hapa hakula embe bichi kwa chumvi shuleni mpaka meno yakafa ganzi? Ulimi uliolelewa hivyo ukikutana na siki hauoni mgeni. Halafu ndimu ni ya papo hapo. Ukichelewa kidogo, muhogo umelegea. Pakiti inakaa dukani miezi. Hata kiwandani hawamwagi siki ya maji, krispi zingekuwa uji. Geuza pakiti usome: mara nyingi utakuta sodiamu diasiteti, E262, unga mkavu wenye asidi ya siki ndani yake. Ukilowa mate ndipo unakuuma.

Mchangiaji, Leeds: Niongezee kutoka huku. Zamani krispi za Uingereza hazikuwa na ladha yoyote. Kampuni ya Smith's ilikuwa inatia ndani kijikaratasi cha bluu chenye chumvi, ujinyunyizie mwenyewe. Mambo ya ladha yalishika kasi baada ya Joe Murphy kuanzisha Tayto, kampuni ya krispi zenye ladha, kule Dublin, Ayalandi, mwaka 1954. Siki yenyewe imetoka kwenye samaki na chipsi, ambazo watu wanazimwagia mpaka karatasi inalowa. Ila kuna kichekesho: maduka mengi ya chipsi hapa hayatumii siki. Ni maji, asidi ya siki na rangi ya karameli, na sheria haiwaruhusu kuiita siki. Kwa hiyo mtoa mada, hao unaowalaumu nao wanakula kivuli cha siki.

Mtoa mada: Sawa, hapo kwenye unga mmenibana. Lakini kama kinachouzwa ni unga, mbona ndimu isiwe unga?

Mchangiaji, Tanga: Zipo za pilipili na limau. Umewahi kuzila?

Mtoa mada: Nimezila. Harufu yake ni ya sabuni ya vyombo. Nakubali, siki inavumilia kiwanda kuliko ndimu, ila hilo ni suala la kiwanda, si la ulimi wangu. Jioni hii nimempelekea yule mama wa muhogo pakiti ya siki aonje. Kala tatu, kakunja uso, kala ya nne. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, pilipili yake iko wapi?"