Wanafunzi wa uuguzi na kauli kwa wagonjwa, nyie mnawafundishaje?

MwalimuNgamiani: Wadau habari zenu. Nafundisha uuguzi chuo kimoja hapa Tanga. Darasani wako vizuri, dozi wanazijua, ila wakifika wodini mtu anasimama miguuni mwa kitanda macho kwenye faili, "wewe wa namba sita, umekunywa dawa?" Shikamoo hakuna, jina hakuna, na aliyelala pale ni sawa na bibi yake. Maadili nimefundisha mpaka basi, kwenye mtihani wanajibu vizuri, wodini yaleyale. Nisaidieni.

SistaRaskazone: Pole mwalimu. Waigizishe. Kule Marekani daktari mmoja, Barrows, alianza mwaka 1963 kumfundisha mtu asiyeumwa aigize mgonjwa. Sisi tulimuomba mama mmoja wa mtaani awe bibi wa presha, tukamwambia vidonge unavikata nusu lakini usiseme mpaka uulizwe vizuri. Wa kwanza kamuuliza "dawa unakunywa?", "nakunywa mwanangu", kijana kaandika anakunywa kaondoka zake. Wa pili kaamkia, kavuta stuli kakaa, "bibi hebu nioneshe unavyokunywa", mama kachukua kidonge kavunja katikati, nusu ya leo nusu ya kesho, ili visiishe mapema. Pale ndo walielewa kwamba kauli nayo ni matibabu. Halafu mwacheni mama mwenyewe awaambie alivyojisikia.

Tabibu_Chumbageni: Naunga mkono, ila itieni alama. OSCE, ule mtihani wa vitendo alioutoa Harden wa Dundee, Scotland, 1975, ina vituo ambavyo mwanafunzi anapita kimoja kimoja akipimwa, basi kimoja kiwe cha kuongea tu, maana alama zote zikiwa kwenye sindano mwanafunzi atajali sindano. Na wajifunze kunyamaza jamani, Beckman na Frankel mwaka 1984 walikuta daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani, mzee wa huku hapo hata salamu hajamaliza.

MwanaPangani: Mi naona tunawaonea. Mtoto anakuja fildi na adabu zake anamkuta mkubwa wake anamfokea mjamzito mbele ya watu, na mkubwa mwenyewe yuko peke yake zamu ya usiku wodi imejaa, kachoka. Anachokiona hapo ndicho anachobeba. Mwalimu kaa kwanza na wasimamizi wa wodi.

MwalimuNgamiani: MwanaPangani umenigusa, hilo naanza nalo. Sista, huyo mama mlimlipa?

SistaRaskazone: Nauli na chai. Ila waigizaji wawe wawili wanapokezana, kurudia stori ileile kwa darasa zima kunachosha.