Kijiti cha mkononi: mliowekewa, nitegemee nini?

Mama Pendo, Nkuhungu
Habari zenu dada zangu. Mwanangu ana miezi 7, bado ananyonya. Jumanne naenda kuwekewa kijiti kimoja cha kuzuia mimba, cha miaka 3. Nashona, na mkono wa kushoto ndio unaosukuma kitambaa. Nitakaa siku ngapi bila cherehani? Na hilo mnalosema, kwamba damu ya hedhi huvurugika, ni kweli? Jirani ananiambia kijiti hupotelea mwilini, sijalala.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo
Mdogo wangu, kushona utashona. Kinachouma ni sindano ya ganzi, kama siafu kakushika. Baada ya hapo unasikia kusukumwa tu. Mimi mkono ulivilia damu wiki nzima, ila siku ya tatu nilikuwa shambani napunguza matawi. Usilowanishe kidonda siku za mwanzo na usinyanyue ndoo kwa mkono huo.

Damu ndiyo jambo lenyewe, na natamani ningeambiwa mapema. Mwezi wa kwanza nilitoka matone siku 19. Baba watoto akasema katoe. Nikarudi kliniki, nesi akanisikiliza, akanipa ibuprofeni siku 5, ikapungua. Mwezi wa nne hedhi ikakata kabisa. Haijirundiki tumboni: ukuta wa mfuko wa uzazi unakuwa mwembamba, hakuna cha kutoka.

Kupotea ni nadra sana. Kipapase mwenyewe kabla hujatoka chumbani. Siku usipokigusa, rudi, na mtumie kondomu mpaka kionekane.

Muuguzi, Mpwapwa
Naongeza. Kama hedhi haijarudi, watahakikisha kwanza huna mimba, kisha kondomu siku 7. VVU hakizuii. Na mtaje dawa zote unazomeza: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, fenitoini na kabamazepini za kifafa hupunguza nguvu ya kijiti, mtu anapata mimba nacho mkononi.

Mama Pendo, Nkuhungu
Dada muuguzi, kabamazepini natumia tangu sekondari. Sikuulizwa, nami niliona aibu kusema kifafa mbele ya foleni.

Muuguzi, Mpwapwa
Pole mama, hapo hapana aibu. Usiache dawa yako hata siku moja. Jumanne nenda na kopo lake, omba kuongea mkiwa wawili, uliza kuhusu kitanzi cha shaba au sindano ya miezi 3. Hivyo viwili haviharibiwi na kabamazepini.

Mama Pendo, Nkuhungu
Kopo nimeshalitia kwenye mkoba, pamoja na kadi ya mtoto.