Naomba ushauri: nahau za Kiingereza zinanipiga chenga

Wakuu, habari zenu. Kiingereza cha kawaida nakimudu, shida ni nahau. Juzi mwenzangu kazini aliniandikia kuwa yuko "under the weather", nami nikamjibu kwamba hata huku mvua haijakatika. Kumbe anaumwa! "Break a leg" nayo nilidhani ni laana, kumbe ndiyo heri anayotakiwa mtu kabla ya kupanda jukwaani.

Hizo angalau zinakaririka. Zinazonitesa ni zile zinazogeuka maana kwa nchi: Mwingereza akisema "table" hoja, anataka ijadiliwe, Mmarekani akitamka hivyohivyo, anataka iwekwe kando. Sasa kwenye kikao chenye wote wawili unashika lipi?

Halafu mnajuaje ipi inafaa barua ya kikazi na ipi ni ya maskani tu? Nilimwambia mteja kazi yake ni "piece of cake", yaani rahisi mno, akanuna. Nadhani aliona naidharau. Kamusi ninayo, ila inatoa maana bila kusema nani humwambia nani. Nianze kuzitumia, au nitosheke kuzielewa tu?