Tupeane uzoefu: jinsia ya nomino za Kifaransa iliwasumbua wapi?

Mkazi wa Tabata: Jana mtangazaji mmoja alisema «la covid», kwa jinsia ya kike, na mwenzake akasema «le covid», kwa jinsia ya kiume, nikakumbuka darasa letu la jioni. Mliojifunza Kifaransa ukubwani, kipi kiliwatesa zaidi?

Bint Pangani: Hapo hata wenyewe walitofautiana. Mei 2020 Académie française, taasisi ya Ufaransa inayosimamia lugha, ilipendekeza «la» kwa kuwa ugonjwa, «maladie», ni wa kike, lakini Wafaransa wengi waliendelea na «le».

Mpishi wa Montréal: Huku Québec «le poêle» ni jiko na «la poêle» ni kikaango, na neno lenyewe hutamkwa vilevile. Jioni moja, mgahawa umefurika, mafuta yalishika moto kikaangoni, na mpishi mkuu akampigia kelele kijana mwenzetu wa Tanga, «Éteins le poêle!», yaani azime jiko. Kijana alidhani anaambiwa azime kikaango, akamwagia mafuta yale jagi zima la maji. Moto uliruka hadi darini, tukakimbilia mlango wa nyuma, na mwenzetu mmoja tu ndiye aliyethubutu kufunga gesi na kufunika kikaango. Kijana aliungua hadi kiwiko, na mwenye mgahawa alimfukuza kazi kabla hata ya kumpa pole. Hakuna aliyekuwa amemweleza tofauti ile, kwa sababu wenyeji wanaijua tangu utotoni.

Mama Tuma: Jamani, mkono ulipona?

Mpishi wa Montréal: Ulipona, dada, ila kovu limebaki.

Mzee Kibamba: Nampa pole kijana, lakini Mswahili hana haki ya kulalamika, kwani ngeli zetu ni nyingi kuliko jinsia zao mbili.

Bint Pangani: Shikamoo mzee. Ngeli zetu zinajitambulisha mwanzoni mwa neno: kiti kimevunjika, mti umeanguka. Kifaransa kinaficha: «village» (kijiji) na «voyage» (safari) ni za kiume, ila «plage» (ufuo) ni ya kike.

Mzee Kibamba: Marahaba. Basi niambie, embe limeiva na ndizi imeiva. Ni kitu gani usoni mwa maneno hayo kinachokuonyesha ngeli? Tumeyazoea tu.

Mama Tuma: Hapo mzee amesema kweli.

Dada wa Goma: Mimi Kifaransa nilikikuta shuleni, na ushauri wangu ni kulishika kila neno pamoja na «un» (kiume) au «une» (kike), kwa sababu «l'école» (shule) na «l'arbre» (mti) hazionyeshi chochote, na hata «mon école» inadanganya, maana «mon» ni ya kiume ilhali shule ni ya kike. Shikeni pia miisho: -tion na -té aghalabu ni za kike, -ment na -eau ni za kiume, isipokuwa machache kama «eau» (maji) na «peau» (ngozi).

Mkalimani Arusha: Dada, orodha za miisho ziwekeni kando. Sikilizeni redio kila siku, sikio litazoea lenyewe.

Mkazi wa Tabata: Na «après-midi» (alasiri) je? Kila kitabu kina lake.

Dada wa Goma: Hilo jinsia zote mbili zinakubalika, andika upendavyo.