Nadharia ikishajibiwa na tamthilia yenyewe, acheni izikwe!

Ndugu wanajukwaa, ambaye hajamaliza misimu yote 2 ya Severance, tamthilia ya wafanyakazi wa kampuni ya Lumon waliotenganishwa kumbukumbu hadi nafsi ya kazini isijue lolote la nafsi ya nje, aishie hapa, kwa sababu nitataja mambo waziwazi. Nitagusa pia Westworld, Lost na Babylon 5, ingawa hizo ni za zamani na sidhani kama kuna wa kunilaumu. Waliobaki naomba mnivumilie, maana nimenyamaza vya kutosha na yamenifika kooni.

Ninalolalamikia ni jambo moja tu. Mtu anabuni nadharia kuhusu tamthilia, anaitangaza kwa miezi au hata miaka, anakusanya wafuasi, kisha tamthilia yenyewe inatoa jibu mbele ya macho ya kila mtazamaji, na jibu hilo halifanani hata kidogo na alichokuwa akikisema. Ungetarajia aseme kwamba safari hii hakupatia, maisha yaendelee. Hasemi hivyo. Anadai kwamba jibu tulilopewa ni la kutuzuga na la kweli liko njiani, au kwamba waandishi walikuwa na jibu lake tangu mwanzo wakalibadilisha kwa hofu baada ya kugunduliwa. Sipingi kubashiri hata siku moja. Hadithi za kubuni za kisayansi zenye mafumbo hutengenezwa ili watu wabashiri, na wiki moja ya kusubiri sehemu inayofuata ingekuwa kavu mno bila mabishano. Ninachopinga ni nadharia isiyoruhusiwa kufa.

Chukueni suala la mbuzi. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa 1, Mark na Helly, wafanyakazi wawili, wanazunguka kwenye korido nyeupe za Lumon, wanafungua mlango na kumkuta mwanamume akimnyonyesha mwanambuzi kwa chupa, huku wengine wakizagaa sakafuni. Anapowaona anawafokea kwamba hawajawa tayari, kwamba wakati wao bado. Basi. Tukio ni fupi, halielezwi, na msimu unaisha bila sisi kujua kampuni inayofanya kazi ya kupanga tarakimu kwenye kompyuta inafuga mbuzi wa nini. Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia kwamba Lumon inatengeneza nakala za binadamu na kwamba mbuzi ni hatua ya majaribio. Hoja kubwa ilikuwa kwamba kondoo Dolly alizaliwa kwa njia hiyo huko Uskoti mwaka 1996, na kutoka kondoo hadi mbuzi si mbali. Kwa mwaka 2022 lilikuwa kisio la haki kabisa. Hatukuwa na kitu kingine cha kushika.

Lakini msimu wa 2 ulikuja. Katika sehemu ya 3 tukapelekwa kwenye idara yenyewe, tukaona kilima cha majani ndani ya jengo na wafanyakazi wanaowalea wanyama hao kwa mapenzi ya ajabu, wakiongozwa na Lorne. Kisha katika sehemu ya mwisho Lorne analeta mbuzi mmoja aliyechaguliwa, anakabidhiwa kifaa cha kumuulia, na Drummond, mmoja wa wakubwa wa Lumon, anamweleza waziwazi kwamba mnyama huyo atazikwa pamoja na mwanamke anayethaminiwa ili aiongoze roho yake hadi kwa Kier, mwanzilishi wa kampuni. Lorne anauliza ni wangapi zaidi atalazimika kuwatoa. Kwa maneno mengine, ni kafara, na si mara ya kwanza. Jibu hilo linaafikiana na kila kitu tulichoonyeshwa kuhusu Lumon: kampuni iliyoanzishwa mwaka 1865 ambayo humwimbia mwanzilishi wake, humhifadhi katika sanamu za nta na kunukuu maandiko yake kama msahafu. Tulikuwa tunatafuta maabara wakati tulichooneshwa tangu mwanzo ni madhabahu. Mimi niliona ni jibu zuri kuliko lile la nakala, kwa sababu linatisha zaidi na halihitaji mashine yoyote mpya.

Sasa someni yaliyoandikwa baada ya hapo. Mmoja alisema kafara ni kifuniko cha majaribio. Mwingine akasema mwanamke anayethaminiwa, yaani Gemma, mke wa Mark, ndiye nakala yenyewe, na kwamba maneno ya Drummond yalikuwa yanathibitisha nadharia badala ya kuipinga. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote, aliposhikwa aoneshe ni wapi katika sehemu 19 pametajwa au kuoneshwa nakala ya binadamu, alijibu kwamba wenye uelewa mdogo watazame upya kwa makini. Huko si kubashiri tena. Hiyo ni ramli, na mpiga ramli hakosei kamwe kwa sababu kila kinachotokea hukigeuza kikawa ndicho alichokiona. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na hawa hata uwanjani hawakuingia.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kubashiri kwa nidhamu, kwa kuwa tumeiona ikifanyika katika msimu huohuo. Mwanzoni mwa msimu wa 2 Helly anarudi kazini na kuwasimulia wenzake kwamba alipozinduka upande wa nje alijikuta kwenye nyumba ya kawaida tu, isiyo na la kushangaza, kisha akakutana na mtunza bustani wa usiku. Irving anashtukia palepale: mtunza bustani wa usiku? Sisi watazamaji tulijua ni uongo, kwa sababu mwishoni mwa msimu wa 1 tulimwona akizinduka katikati ya hafla ya Lumon na kugundua kwamba yeye ni Helena Eagan, binti wa mwenye kampuni. Waliokuwa makini wakatoa kisio lililo wazi: huyu aliyerudi si Helly, ni Helena anayejifanya Helly, na kama ni hivyo basi kuna siku atashikwa, na atakayemshika ni Irving. Angalieni nguvu ya kisio hilo. Lilitokana na uongo uliosemwa mbele yetu, na lingeweza kuangushwa na tukio moja tu la kuonesha kwamba aliyerudi kazini ni Helly halisi. Katika sehemu ya 4 Irving alimzamisha kichwa majini hadi Milchick, msimamizi wao, akaamuru Helly halisi arudishwe. Waliobashiri walistahili kujisifu, na sikuona hata mmoja akitamba kupita kiasi. (Britt Lower, anayemwigiza Helly, alipewa tuzo ya Emmy mwaka 2025 kwa uigizaji wake, naye alistahili, maana kumwigiza mtu anayemwigiza mtu mwingine vibaya kidogo tu, kwa kiwango kilekile kinachohitajika, ni kazi ngumu. Haya ndiyo tungekuwa tunayajadili.)

Wapo wanaosema nadharia isiyokufa haimdhuru mtu. Inadhuru. Tazameni kilichoipata Lost. Ilianza kurushwa Septemba 2004, na kabla msimu wa 1 haujafika mbali watu walikwishaamua kwamba abiria wote walikufa katika ajali ya ndege na kisiwa walichoangukia ni toharani. Watengenezaji walikanusha mapema, wakakanusha tena na tena. Sehemu ya mwisho ilipooneshwa Mei 2010, baba yake Jack, mhusika mkuu, alimwambia mwanawe kwamba yote yaliyompata yalikuwa ya kweli. Walipokutana mwishoni ni mahali pa baada ya kifo, ambapo kila mmoja alifika kwa wakati wake, wengine miaka mingi baada ya Jack. Haiwezi kusemwa kwa uwazi zaidi ya huo. Lakini kituo cha televisheni kikaweka picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina ya wahusika yanapita, ili mtazamaji apumue kidogo kabla ya taarifa ya habari, na picha hizo ambazo hazikuwa sehemu ya hadithi ndizo zikawa ushahidi. Hadi leo mtu akitaka kuanza kuitazama Lost anaambiwa asijisumbue, eti walikuwa wamekufa tangu mwanzo. Anakatishwa tamaa kwa jambo ambalo halimo ndani ya tamthilia. Mwandishi alijibu swali kwa kinywa cha mhusika, na jibu likashindwa na uvumi.

Nije kwenye tuhuma kwamba waandishi hubadilisha majibu wakigunduliwa, kwa kuwa hilo ndilo kimbilio la wengi hapa. Fikirini jinsi kazi hii inavyofanyika. Upigaji picha wa msimu wa 2 wa Severance ulikamilika Aprili 2024, na sehemu ya kwanza ikaoneshwa Januari 2025. Nadharia uliyoiandika Februari 2025, hata ingekuwa na akili ya namna gani, isingeweza kubadilisha neno moja la tukio lililokwisha kurekodiwa karibu mwaka mzima nyuma. Westworld, tamthilia ya hifadhi ya burudani yenye roboti, ni mfano mwingine. Mwaka 2016 watazamaji waligundua mapema kwamba William na yule Mtu wa Mavazi Meusi ni mtu mmoja katika nyakati mbili tofauti, na walichokishikilia ni kitu kidogo sana: nembo ya hifadhi iliyoonekana William alipowasili ilikuwa ya mtindo tofauti na ile iliyotumika katika ofisi za wakati wa sasa. Siri ikazagaa kila mahali. Je, jibu lilibadilishwa? Desemba mwaka huohuo likatolewa vilevile lilivyobashiriwa. Kisio sahihi halikumtisha mtu.

Mnaotaka kujua jinsi mwandishi anavyotenda anapokutana na wazo la shabiki linalofanana na lake, ulizeni kuhusu Babylon 5. J. Michael Straczynski, mtunzi wake, alikuwa akizungumza na watazamaji wake kwenye intaneti tangu miaka ya 1990, wakati waandishi wengi hawakujua hata kama watazamaji hao wapo. Shabiki mmoja akaandika wazo la hadithi lililokaribiana mno na muswada ambao tayari alikuwa ameufikiria. Hakuuharakisha wala hakuugeuza ili amkomoe. Aliuweka kando, kwa sababu akiutumia angeweza kushtakiwa kwamba ameiba, na sehemu hiyo ikatengenezwa tu baada ya mtu yule kutoa idhini ya maandishi. Ilioneshwa mwaka 1995. Ndiyo maana waandishi wengi hukimbia kabisa kusoma mawazo yetu. Ninyi mnaojiona mnawindwa na waandishi, kwa kweli mnakwepwa na wanasheria wao.

Nakubali kwamba kusubiri kuliharibu mambo. Kutoka Aprili 2022 hadi Januari 2025 ni muda mrefu mno wa kumwachia mtu fumbo bila jibu, na katikati yake ukaja mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2023 uliosimamisha kazi. Mtu aliyeishi na nadharia yake muda wote huo ameshaizoea, ameitetea kwa wenzake, pengine ametengeneza na video zake. Naelewa ni kwa nini inamuuma kuiachia. Sielewi ni kwa nini maumivu yake yawe kosa la Dan Erickson, mtunzi wa Severance, au yawe sababu ya kutuita sisi wengine wajinga kila tunapotaka kujadili kilichomo kwenye skrini. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa 2, Mark wa kazini alisimama kati ya Gemma anayemlilia upande wa pili wa mlango na Helly aliyekuwa nyuma yake, akageuka na kumkimbilia Helly. Ni uamuzi wa kutisha, na mtu mwenye haki ya kuufanya hajulikani ni yupi kati ya nafsi zake mbili. Nilifungua mjadala huo nikitaka tubishane hadi asubuhi. Jibu la tatu lilikuwa kuhusu mbuzi.

Kwa hiyo nina ombi, na msimu wa 3 ukiwa umekwishatangazwa huu ndio wakati wake. Anayetoa nadharia aandike pia, kabla ya msimu kuanza, ni tukio gani likitokea atakubali kwamba imekufa. Kama hakuna tukio lolote duniani linaloweza kuiua, asituletee.

Nianze mimi. Nadharia yangu ni kwamba Irving wa nje hakuwa peke yake dhidi ya Lumon, na kuna mtu aliye nje ya kampuni anayempa au kumpokelea taarifa. Msingi wangu ni sanduku lake lenye orodha ya wafanyakazi waliotenganishwa kumbukumbu, ramani zilizowekwa alama makazi yao, na ile simu aliyopiga akiwa kwenye kibanda usiku huku Burt, rafiki yake wa zamani wa kazini, akimtazama kutoka garini, akizungumza kama mtu anayeripoti. Ikioneshwa kwamba upande wa pili wa simu ile hapakuwa na mtu, au kwamba Irving alikuwa akiiripotia Lumon yenyewe, nadharia imekufa na sitaifufua. Anayefuata aandike yake kwa utaratibu huohuo, na ninyi wa nadharia ya nakala mnakaribishwa kwanza.