Bendi ya redio ya mita 10 imekufa, au ni antena yangu? Naombeni ushauri

Mtanga_HF: Wakuu, heshima kwenu. Nina redio ya wati 100 na dipoli (antena ya waya wa pande mbili) ya mita 10 niliyoifunga kwenye mnazi. Mwaka juzi mchana nilikuwa naongea na Italia bila jasho. Siku hizi naita CQ (wito kwa yeyote anayesikia) mpaka koo linakauka, kimya. Juzi saa nane mchana bendi zote zilizima kwa mkupuo, zikarudi baadaye. Jioni ndiyo usiseme, kelele inagota S7 kwenye mita ya nguvu ya ishara. Ninunue amplifaya ya kuongeza wati?

Bwana_Waya: Hela yako iache mfukoni kwanza. Amplifaya itakufanya usikike, haitakusaidia kusikia. Mzunguko wa 25 wa jua, yaani kupanda na kushuka kwa shughuli zake, ulifika kileleni 2024, sasa tunateremka, na mita 10 ndiyo huumia mapema. Shuka mita 15 au 20.

Ile ya juzi inafanana na mlipuko wa jua. Tabaka la D huko juu angani linameza mawimbi, ila upande wa dunia wenye mchana tu. Mita 40 ndiyo huchelewa kurudi, bendi za juu hutangulia. Ikitokea tena usianze kufungua viunganishi vya koaksi (waya wa antena), kanywe chai.

Chipukizi255: Hamia FT8 tu mkuu, ile ya kutuma ujumbe kwa kompyuta, inasoma ishara iliyo desibeli 20 chini ya kelele. Sauti zimepitwa na wakati.

Mama_Morse: Zimepitwa kwako, mwanangu. Mtanga, usipime bendi kwa CQ, maana bendi inaweza kuwa wazi na wote wanasikiliza tu. Sikiliza bikoni za kimataifa, vituo vinavyorusha ishara za kupimia bendi: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Ziko 18, zinapokezana sekunde kumi kumi, mzunguko mzima dakika tatu. Kila moja inataja jina lake kwa Morse, kisha inapiga mistari minne, yaani milio mirefu: wati 100, 10, 1, halafu sehemu moja ya kumi ya wati. Ukisikia mpaka mstari wa tatu, njia iko wazi kabisa. ZS6DN ya Afrika Kusini ikimaliza inafuata 5Z4B ya Kenya, kisha 4X6TU ya Israel, kisha OH2B ya Finland. Ya Kenya usipoisikia usishtuke, wewe uko karibu mno, mawimbi yanakuruka.

Na K, kipimo cha msukosuko wa usumaku wa dunia, ikifika 5 kwenda juu, achana na njia za kaskazini ya mbali. Jaribu kusini.

Fundi_Solda: Hiyo kelele ya jioni msilisingizie jua. Zima swichi kuu ya nyumba, washa redio kwa betri ya volti 12. Ikishuka, mchawi yuko ndani: washa kifaa kimoja kimoja ukiangalia mita ya S. Isiposhuka, ni ya jirani, na hapo inahitaji maneno mazuri. Mimi nilimpelekea wangu pete za feraiti (za kuzuia kelele) za inveta yake ya sola, na maembe juu.

Mtanga_HF: Nimezima, S7 imeshuka S3! Ni taa za LED za barazani. Na kwenye 21.150 (mita 15) nimepata 4X6TU mistari miwili, 28.200 (mita 10) hakuna kitu.

Bwana_Waya: Umejijibu. Tengeneza dipoli ya mita 15: kata waya mita 3.5 kila upande, ipandishe mnazini, kisha punguza sentimita chache chache mpaka SWR (kipimo cha antena kuoana na redio) ikae sawa kwenye 21.2. Taa za LED badilisha leo.