Naomba ushauri: mwenye nyumba anakarabati ghorofa, sisi bado tupo chini na biashara

Habari zenu wakuu. Nina fremu ya vitenge Kariakoo, ghorofa ya chini. Mwenye nyumba anaongeza vyumba juu na hajatutoa. Kodi anapokea kama kawaida.

Juzi fundi wa kuchomelea alikuwa anakata nondo ghorofa ya kwanza. Cheche zikashuka kwenye upenyo wa ngazi, zikatua juu ya turubai nililofunikia robota. Likatoboka matundu matatu. Nikamwagia maji ya kunywa! Mtungi wa kuzimia moto uliokuwa ukutani umeondolewa ili wapake rangi, na ngazi ya nyuma imejaa mirunda na mifuko ya saruji. Nikimwambia msimamizi, jibu ni “dada, jengo halijakamilika, hayo ya zimamoto ni baadaye.”

Mimi nijuavyo, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inawapa zimamoto mamlaka ya kukagua, na sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), inagusa hata saiti za ujenzi. Namba 114 ya zimamoto ninayo, lakini hiyo ni ya dharura.

Sasa naomba mwenye uzoefu: mpangaji anaweza kwenda mwenyewe kituo cha zimamoto kuomba wakaguzi, au lazima apitie kwa mwenye nyumba? Nianze na barua? Na akinifungia fremu kwa hasira, nakimbilia wapi? Soko liliungua Julai 2021 tukiliangalia, sitaki kurudia ule usiku.